Mpaka Atosheke Yeye

Ndugu msomaji, kisa nitakachokuhadithia hapa si cha kujifakharisha kwamba nimetembea. Ni kisa cha aibu yangu mwenyewe, na ninakiandika kwa kuwa najua si mimi peke yangu niliye na aibu hii katika miji yetu ya pwani.

Nimekaa na ahali yangu miaka 32. Katika miaka yote hiyo hakunisumbua kwa dhahabu wala kwa mabuibui ya mtindo. Kitu kimoja tu alikitaka tangu ndoa yetu ikiwa changa: nimpeleke Tsavo akawaone ndovu. Mwanzo nilimwambia sina fedha, na ilikuwa kweli. Kisha nikamwambia sina nafasi, na ilikuwa nusu ya kweli. Mwisho, fedha na nafasi vilipopatikana vyote viwili, nikamwambia mambo hayo ni ya Wazungu, huko kuna ulevi na uchi, na Muislamu hafanyi israfu. Hapo, wallahi, sikuwa nikisema dini. Nilikuwa nimeuvika uchoyo wangu kanzu na kofia ili usijulikane.

Mwaka 2023 akaanza kujigonga. Mara kwenye ukingo wa mlango, mara kwenye pembe ya meza, na mimi nikimcheka. Tulipokwenda kwa daktari wa macho tukaambiwa ni presha ya macho. Maradhi haya mara nyingi huja kimya kimya bila ya kuuma. Huanza kwa kula pembeni mwa nuru, na mtu huendelea kuona mbele yake akidhani yu salama. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone husaidia tu kukihifadhi kilichobaki. Njiani tukirudi nyumbani hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Na wale ndovu, babake?"

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimeweka fedha za kutengeneza baraza yangu, nipate kukaa vizuri na wenzangu baada ya Alasiri. Asubuhi nikazitoa.

Tuliondoka Mombasa baada ya Alfajiri katika gari la mkwe wetu. Kufika Voi ni kama kilomita 150 tu, na mimi umri wangu wote nimeipita Voi usiku, nimelala ndani ya basi la Nairobi. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, nayo ni mbili, ya Mashariki na ya Magharibi; kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Maji yanayoletwa Mombasa kwa bomba kutoka chemchemi ya Mzima yanatoka huko huko, Tsavo Magharibi. Yaani wengi wetu tumetawadha kwa maji ya Tsavo, na Tsavo yenyewe tumewaachia wageni wa kutoka Ulaya waje waitazame.

Hoteli tuliyoshukia imejengwa juu ya kilima ndani ya mbuga, na chini yake pana dimbwi wanapokuja wanyama kunywa maji. Sitaficha: baa ipo, na wageni waliovaa nusu nguo wapo. Lakini hakuna aliyetushika mkono akatutia humo. Nilimwuliza mpishi habari za nyama, akanijibu kwa adabu kwamba imechinjwa na Muislamu. Adhuhuri na Alasiri tukaziswali rakaa mbili mbili kwa ruhusa ya msafiri, tumeelekea kaskazini, na mbele yetu dirisha lililojaa nyika isiyokuwa na mwisho.

Ndovu walikuja baada ya Magharibi. Walikuwa wekundu, kwa sababu ya udongo wa Tsavo wanaojirushia mgongoni. Sijapata kuona kiumbe kikubwa namna ile kinachotembea bila ya kishindo. Alitangulia jike mzee, kwani jamii ya ndovu huongozwa na mama mkubwa, na watoto wa kiume wakikua hutoka wakaenda zao. Katikati yao alikuwako mdogo mmoja aliyekuwa akijikwaa kwa mkonga wake mwenyewe. Mhudumu, kijana wa Kitaita, akatuambia kwamba mama ndovu hubeba mimba miezi 22. Ahali yangu, aliyezaa watano, akasema: "Subhanallah! Na mimi nilikuwa nikilalamika kwa miezi tisa."

Mara yule mdogo akasogea kando. Nikamwona mke wangu akigeuza kichwa huku na huku. "Yuko wapi? Amekwenda wapi?" Ndovu alikuwa hatua chache tu kutoka pale alipokuwa. Nikamwambia, "Kushoto, nyuma ya mamake." Hapo ndipo nilipofahamu ni kiasi gani kilichokwisha kuondoka.

Kisha nikamsikia akisoma Suratul Fil kwa sauti ndogo. Sura hii aliihifadhi chuoni akiwa na miaka sita, akawasomesha watoto wetu wote watano, na ndovu mwenyewe hakuwa amemwona. Alipomaliza akasema: "Leo ndiyo nimefahamu Abraha alikuja na nini."

Ikapiga saa nne. Baridi ikaingia, magoti yakaniuma, wageni wengine wakaenda zao kulala. Nikafungua mdomo kumwambia nasi twende. Papo hapo ikanijia hadithi niliyoisikia mara nyingi, na hata kuwasimulia wengine. Siku ya Idi, Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki yao msikitini. Mtume (s.a.w.) alisimama akimsitiri Bibi Aisha (r.a.) huku yeye akitazama nyuma yake, wala hakuondoka mpaka alipotosheka bibi mwenyewe. Mtume wa Mwenyezi Mungu, aliyekuwa na mzigo wa umma mzima, alikuwa na nafasi. Mimi mwenye mzigo wa baraza, miaka 32 sikuwa na nafasi.

Nikafunga mdomo. Nikaenda chumbani, nikamletea leso ya kujifunika, nikasimama kushoto kwake, upande ule asiouona vizuri. Ilipokaribia saa sita akasema mwenyewe: "Basi, babake. Nimetosheka. Twende."

Tuliporudi, jirani mmoja aliniuliza nimetumia fedha ngapi, na je, si israfu hiyo? Nikamjibu kwamba israfu ni kutumia pasipostahili, na mimi nimejihisabu, nimeona niliyoyafuja ni yale miaka niliyompa udhuru usiokuwa na haki.

Ndugu zangu, sikwambii lazima uende Tsavo. Huenda mkeo hataki ndovu. Huenda anataka kupelekwa Lamu kumwona nduguye, au kushuka pwani jioni moja, mkae mchangani mle mihogo ya kuchoma. Mwulize leo, na akikuambia, usimtafutie fatwa ya kumnyima.

Baraza yangu ingali imebomoka. Kila usiku baada ya Isha mimi ndiye ninayemtia ahali yangu matone yake, na akishafumba macho huniambia jambo moja au jingine alilolikumbuka la usiku ule. Mwenyezi Mungu amhifadhie nuru iliyobaki, na sisi waume atufumbue macho yetu. Amin.