Siku nzima Mji Mkongwe na mtoto: Kibebeo kipi kitakufikisha jioni bila maumivu?

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam inapofunga gati Malindi, Unguja, abiria wa kwanza kuujua ugumu wa siku ni mzazi aliyekuja na kigari cha mtoto. Kutoka bandarini hadi Darajani barabara ni pana na mambo yanakwenda. Akishaingia vichochoroni, magurudumu yanaanza kugoma. Hapa jiwe limeinuka, pale ngazi tatu zimetokea ghafla, mbele pikipiki inapiga honi na watu wanajibanza ukutani ili ipite.

Mji Mkongwe, uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ulijengwa kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu na kukaa barazani. Milango yake ya kuchonga ina vizingiti vya kuinulia mguu. Ngazi za nyumba zake ni nyembamba na zimesimama wima. Mzazi anayetaka kuuona mji kutoka Darajani, Mkunazini, Hurumzi hadi Forodhani na Shangani hana ujanja zaidi ya ule wa bibi zake, yaani kumbeba mtoto mwilini.

Swali ni ambebe na nini. Mtoto wa miezi 7 huwa na kilo 7 hadi 8 hivi, karibu na ndoo ya lita 10 isiyojaa. Hakuna anayeweza kutembea na ndoo hiyo mkononi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Kibebeo kikikosewa, mama hurudi na mgongo uliokufa ganzi, na mtoto hurudi na michubuko mapajani. Kikikosewa zaidi, na mtoto akiwa bado mchanga, linaloingia hatarini ni pumzi yake.

Mbeleko ilianza zamani

Waswahili walikuwa na jina la kitu hiki kabla ya duka lolote kukiuza. Nguo ya kumbebea mtoto mgongoni ni mbeleko, na heshima yake si ndogo. Katika mila za ndoa za pwani, miongoni mwa zawadi anazopewa mama wa bibi harusi kuna ubeleko, shukrani kwa mgongo uliombeba binti hadi akakua.

Khanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, ni pamba nyepesi na inapitisha hewa. Mama huinama, mtoto hulazwa mgongoni, nguo hupitishwa chini ya makalio yake na kukazwa kwapani au juu ya bega moja. Kitenge ni kizito kidogo, hushika vizuri zaidi, lakini joto lake nalo ni zaidi.

Kwa safari fupi, kama kwenda sokoni au kumbembeleza mtoto alale, ni vigumu kuishinda khanga. Kasoro yake huonekana saa zinapoongezeka. Uzito wote unakaa kifuani na begani, fundo hulegea kadiri mama anavyotembea, na kila baada ya muda lazima asimame alikaze upya. Kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe chenye watu wengi, kumtoa mtoto na kumfunga tena mara sita kwa siku ni kazi.

Kilichotoka Afrika kikarudi na klipu

Vibebeo vya mikanda vinavyoning'inia leo madukani vina asili ya karibu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1960, Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani aliyekuwa akijitolea nchini Togo, aliwaona akina mama wa huko wakiendelea na shughuli zao huku watoto wametulia migongoni. Aliporudi kwao na kupata mtoto, alijaribu kumfunga kama alivyoona. Nguo ikawa inateleza. Akishirikiana na mama yake mzazi, alishona kibebeo chenye mikanda, ambacho baadaye kiliuzwa kwa jina la Snugli.

Kwa hiyo mzazi anayechagua kati ya mbeleko na kibebeo cha klipu hachagui kati ya ushamba na usasa. Wazo ni lile lile moja. La kuangalia ni kipi kinamfaa mtoto wa umri huo, kwa muda huo, katika joto hilo.

Pumzi kwanza, mgongo baadaye

Kabla ya kufikiria raha ya mzazi, kuna jambo lisilo na mjadala. Mtoto wa chini ya miezi 4 shingo yake haijakaza. Akikaa kama aliyejikunja ndani ya mfuko, kidevu huzama kifuani na njia ya hewa hubanwa. Kitambaa kikimfunika pua na mdomo, hana nguvu ya kugeuza kichwa. Hali hiyo inaweza kumuua ndani ya dakika chache, na mara nyingi bila sauti, kwa kuwa mtoto anayekosa hewa hivyo hawezi kulia. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya vibebeo vya mfuko vinavyoning'inizwa begani, ikiwataja hasa watoto wa chini ya miezi 4, waliozaliwa kabla ya wakati, waliozaliwa na uzito mdogo na wenye mafua au matatizo ya kupumua.

Kanuni ni rahisi kukumbuka. Mtoto mchanga abebwe kifuani, wima, amebanwa vya kutosha asiteleze. Uso wake uonekane muda wote bila kufunua nguo. Awe juu kiasi kwamba mzazi akiinamisha kichwa kidogo anaweza kumbusu utosini. Kati ya kidevu na kifua chake ipite nafasi ya vidole viwili. Mgongo wake ushikwe, usikunjike.

Mgongoni asubiri hadi shingo ikaze vizuri. Kumgeuza atazame mbele kusubiri zaidi, angalau miezi 5 hadi 6, na iwe kwa muda mfupi, kwa sababu akilala katika mkao huo kichwa hakina pa kuegemea.

Unguja kuna jambo jingine dogo. Mama anayevaa mtandio huufunga kwa pini, na pini iko usawa wa uso wa mtoto. Siku ya matembezi ni heri kuvaa ushungi wa kuvuta usiohitaji pini, na kuangalia ncha yake isimwangukie mtoto puani upepo wa bahari unapovuma.

Si ajabu bibi aliyekaa barazani akamsimamisha mama mgeni: "Mwanangu, hebu mtazame mwanao, kidevu kishaingia kifuani." Mama akiitika "ahsante bibi" na kumnyanyua mtoto kidogo, hajadhalilika. Aliye mbele yako huona usichokiona wewe.

Miguu kama chura

Jambo la pili ni nyonga. Mtoto akibebwa vizuri, miguu yake hupanuka kama ya chura, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio. Ukimtazama kwa mbele anafanana na herufi M. Mkao huo huiweka mifupa ya paja vizuri katika vikombe vya nyonga vinavyoendelea kukomaa. Mbeleko iliyofungwa vizuri mgongoni huuleta mkao huo yenyewe.

Vibebeo vingi vya bei nafuu haviuleti. Sehemu ya kukalia ni nyembamba kama kiganja, miguu inaning'inia wima na uzito wote wa mtoto unakaa katikati ya mapaja. Nusu saa haiwezi kumwonesha mzazi tatizo. Baada ya saa tatu za kutembea, mtoto anahangaika, mikunjo ya mapaja imekuwa myekundu, na mzazi anadhani ni njaa. Unapochagua, tafuta kitako kipana kinachofika kutoka goti moja hadi jingine. Vingine vina zipu au kamba ya kupanua kadiri mtoto anavyokua.

Uzito ushuke kiunoni

Kwa mzazi, tofauti ya kibebeo cha saa moja na cha siku nzima iko kwenye mkanda wa kiunoni. Mkanda mpana, wenye sponji ngumu, ukikaa juu ya mifupa ya nyonga huubeba mzigo mkubwa na kuyapumzisha mabega. Kibebeo kisicho na mkanda huo hutundika kilo zote shingoni.

Mikanda ya mabega nayo iwe mipana, na kile kipande kinachoiunganisha mgongoni kishuke usawa wa mabega, kisipande shingoni. Mtoto akining'inia mbali na kifua, mzazi hurudisha kiuno nyuma bila kujua ili asianguke mbele. Hapo ndipo maumivu ya mgongo yanapoanza. Dawa yake ni kumpandisha mtoto na kukaza mikanda.

Kitambaa kirefu cha kunyumbuka, cha mita 4 hadi 5, ni kitamu kwa mtoto mchanga, lakini humzungusha mama mara tatu na mchana wa Unguja kinakuwa blanketi. Kitambaa cha pete cha bega moja ni chepesi na kinafaa kunyonyeshea, ila bega hilo litadai haki yake kabla ya adhuhuri. Kiti cha kiunoni humfaa mtoto anayetaka kushuka na kupanda kila mara, lakini huwa kinene, na vichochoro ni vyembamba. Begi lenye fremu ya chuma ni la milimani. Kwenye milango ya chini litamgonga mtoto kichwa.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji aangalie mkanda usikandamize kidonda, na aulize kliniki kabla ya kubeba kwa saa nyingi. Na baba asibaki mpiga picha. Kibebeo chenye mikanda inayorefuka na kufupika huwawezesha kupokezana kila saa moja, na hiyo peke yake ni nusu ya raha ya safari.

Joto, maji na kivuli

Miili miwili iliyobanana hutengeneza joto lake. Mtoto avae nguo moja nyepesi ya pamba, kofia yenye ukingo na soksi nyembamba kama miguu iko juani, maana kibebeo chenyewe ni nguo nyingine. Mguse nyuma ya shingo. Ikiwa pana moto na jasho, mtoe na mkae kivulini. Akiwa mlegevu, ananyonya kwa shida au uso umeiva, matembezi yameisha, nenda kituo cha afya.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji hata siku ya jua kali. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni maziwa ya mama pekee, kwa hiyo anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mama ndiye anywe maji. Akinyonyeshwa ndani ya kibebeo, arudishwe wima akimaliza, uso nje.

Saa za jua la utosi ni za kukaa. Vichochoro vya Hurumzi na Kiponda vina kivuli, bustani ya Forodhani ina upepo. Kila saa moja na nusu hivi mtoe mtoto ajinyooshe, abadilishwe nepi, na mabega yako yapumue.

Pa kuvaa na pa kuvua

Ndani ya boti, mtoto atolewe kwenye kibebeo na apakatwe. Kikitokea chochote, mikanda iliyofungwa inamzuia kuvaa jaketi lake la kuokolea. Kwenye gari, kibebeo si mbadala wa kiti cha mtoto, na kwenye bodaboda kisikupe moyo wa kupanda.

Mkunazini, karibu na Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa eneo la soko la zamani la watumwa, kuna vyumba vya chini vyenye dari fupi na hewa nzito. Mzazi mmoja aingie, mwingine abaki nje na mtoto, kisha wabadilishane. Jioni Forodhani, mtoto akiwa kifuani, usiinamie majiko ya mkaa wala usinywe chai ya moto. Ukiokota kitu, piga magoti, usipinde kiuno.

Kabla ya kukata tiketi

Wengi hununua kibebeo Kariakoo au kwenye mitumba. Nenda na mtoto, na nenda na kadi yake ya kliniki. Linganisha uzito ulioandikwa kwenye kadi na ule wa kwenye lebo, wa chini na wa juu. Vuta mishono ya mikanda kwa nguvu. Funga kila klipu usikie inalia, kisha ivute. Kwa mtumba, klipu yenye ufa au mkanda uliochanika pembeni ni sababu ya kukirudisha hata kama bei ni ya kutupa.

Ukishanunua, kivae nyumbani kwa saa moja, ukifagia na kupanda ngazi. Mara ya kwanza fungia juu ya kitanda. Penye kuuma baada ya saa moja patauma zaidi baada ya saa sita, na ni afadhali kulijua hilo sebuleni kuliko katikati ya Hurumzi.

Na khanga isiachwe nyumbani. Ikunjwe kwenye begi hata kama kibebeo ni kipya. Itakuwa kivuli cha mtoto mnapopumzika, bila kumfunika uso, itakuwa tandiko la kubadilishia nepi, na klipu ikikatika mbali na duka, itakuwa mbeleko tena.