Nyuma ya Jalada la Santuri

Katika maktaba ya muziki ya redio moja ya FM jijini Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1990, jazi ilikaa rafu ya juu kabisa, soul na funk zilikaa katikati, na hip hop, iliyokuja kwa kaseti na sidii, ilirundikwa kwenye maboksi sakafuni. Ratiba ya vipindi ilifuata rafu. Jazi Jumapili usiku, watu wazima wakiwa wamekwisha kula. Soul na funk jioni za siku za kazi, zikiitwa zilipendwa. Hip hop Jumamosi mchana, wanafunzi wakiwa nyumbani. Mtangazaji aliyejikuta na vipindi vyote vitatu, baada ya mwenzake kuhamia redio yenye mshahara mnono, ndiye anayeandika makala haya. Anajitaja kwa nafsi ya tatu kwa mazoea ya kazi: ukishaisikiliza sauti yako kwenye kanda za kumbukumbu wiki baada ya wiki, unaanza kuisema kama sauti ya jirani.

Kipindi cha jazi kilikuwa na mgogoro wake. Wasikilizaji walipiga simu kuomba jazi, wakimaanisha Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, au O.K. Jazz ya Franco kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Bendi hizo zilijiita jazz huku zikipiga dansi na rumba, na mtangazaji hakuona sababu ya kubishana na mtu aliyelipia simu. Alikuwa anapiga ombi, kisha anaunganisha na Roy Ayers kabla mpigaji hajaondoka redioni.

Nusu ya utangazaji wa muziki ni kusoma. Nyuma ya jalada la santuri kuna maandishi madogo: nani kapiga besi, nani tumba, studio gani, mwaka gani. Mtangazaji aliyasoma ili apate la kusema wakati sindano inawekwa, na kwa kusoma hivyo akaanza kukutana na jina moja kwenye rafu zote tatu. Jina lenyewe lilikuwa Mtume. Mara ya kwanza alipolitaja hewani, simu zilimiminika, watu wakidhani anafanyia dini mzaha. Ikabidi aeleze.

James Mtume alizaliwa Philadelphia mwaka 1946. Baba yake mzazi alikuwa Jimmy Heath, mpiga saksafoni. Aliyemlea alikuwa James Forman, mpiga piano aliyejulikana kwa jina la Hen Gates. Kijana alikuwa mwogeleaji hodari, na kuogelea ndiko kulikompeleka kusoma California. Huko akajiunga na kundi la Us la Maulana Karenga, mwanzilishi wa sikukuu ya Kwanzaa, lililokipa Kiswahili heshima ya lugha ya Waafrika wote. Jina alilipata humo. Mwaka 1969 ami yake, Albert Heath, alirekodi santuri iitwayo Kawaida, Herbie Hancock akiwa kwenye piano na Don Cherry kwenye tarumbeta; tungo nyingi zilikuwa za Mtume, na ndani yake mna Baraka, Maulana na Dunia. Ni jazi ya kutafuta, ngumu kidogo. Jumapili usiku inapita, Jumatatu jioni haipiti.

Hancock mwenyewe aliondoka na kitu. Mtume aliwapa wanamuziki wa bendi ya Hancock majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga drams Billy Hart akawa Jabali, na Eddie Henderson, ambaye alikuwa daktari kweli, akawa Mganga. Santuri ya Mwandishi ilitoka mwaka 1971. Miaka miwili baadaye Hancock aliivunja bendi hiyo, iliyokuwa ghali kuitunza na isiyouza, akatengeneza Head Hunters, ambamo besi ya Chameleon inapigwa kwa kinanda cha umeme na drams zinakwenda kama za James Brown. Ikauza vibaya sana, kwa maana nzuri ya neno. Kufika 1983 alikuwa ametoa Rockit, na badala ya mpiga solo akamweka GrandMixer D.ST akikwaruza santuri kwa vidole. Mtu mmoja, miaka kumi na kidogo, rafu tatu.

Mtume naye alikuwa kazini kwa Miles Davis. Kuanzia 1971 hadi 1975 alipiga tumba na vyombo vidogo vya mdundo katika bendi iliyowaudhi wahakiki kuliko zote alizopata kuwa nazo Miles. On the Corner, ya mwaka 1972, ilitengenezwa ili iwafikie vijana weusi waliokuwa wanamsikiliza Sly Stone. Magazeti ya jazi yakaitukana. Mtangazaji anaona hadi leo kwamba iliwahi mno kufika: mdundo mmoja unaozunguka bila kubadilika, besi inayorudia maneno yaleyale, sauti zikiingia na kutoka. Mwaka 1974, kwenye Get Up with It, Miles alitoa kipande na kukiita Mtume. Tarehe 1 Februari 1975 bendi ilipiga maonyesho mawili Osaka, moja mchana na moja usiku, na kila moja likawa santuri mbili kwa pamoja: Agharta na Pangaea.

Kisha Miles akaacha kupiga. Hapa ndipo mtangazaji huwa anapunguza sauti ya muziki na kusogea karibu na maiki, kwa sababu watu wengi wanaoandika kuhusu kuchanganyika kwa jazi na muziki mwingine husahau swali la kodi ya nyumba. Mtume na mwenzake mpiga gitaa, Reggie Lucas, walikuwa wamepoteza kazi. Wakaenda kwa Roberta Flack. Baada ya Agharta, tufani ya saa nzima na zaidi, wawili hao wakatunga The Closer I Get to You, ulioimbwa na Flack na Donny Hathaway na kutamba mwaka 1978. Wimbo huo uliombwa kwenye kipindi cha jioni na wachumba, na wajane, na askari mmoja wa zamu aliyekuwa akipiga simu kutoka kibandani. Hakuna aliyekubali alipoambiwa kwamba mkono ulioutunga ndio uliopiga tumba Osaka. Mwaka 1980 wakampa Stephanie Mills Never Knew Love Like This Before, nao ukapata tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa R&B. Lucas baadaye akawa prodyuza mkuu wa albamu ya kwanza ya Madonna. Hawa ndio watu wa bendi ya Miles.

Mwaka 1983 Mtume, sasa akiwa na kundi lililobeba jina lake, alitoa Juicy Fruit. Ni wimbo uliopunguzwa hadi kwenye mifupa: mashine ya drams, besi ya kinanda, sauti ya mwanamke, na nafasi nyingi tupu. Ulikaa namba moja kwenye chati ya muziki wa Wamarekani weusi kwa wiki nane. Ukiusikiliza baada ya Miles unaona ule ujuzi wa kunyamaza mahali pake ametoka nao wapi.

Hip hop ilipoanza kukata vipande vya santuri za zamani na kuvizungusha, Mtume alipinga, tena redioni. Alisema wanaofanya hivyo hawajajifunza chombo na wanachukua kisicho chao. Kundi la Stetsasonic likamjibu mwaka 1988 kwa Talkin' All That Jazz, wakikaririsha besi ya Expansions ya Lonnie Liston Smith, mpiga kinanda ambaye naye alipitia kwa Miles. Hoja yao ilikuwa kwamba santuri hizo zilikuwa zimekufa, na wao ndio waliozifufua. Mtangazaji, aliyepiga nyimbo zote mbili mara nyingi, alikuwa upande wa Mtume kuhusu malipo na upande wa Stetsasonic kuhusu yote mengine. Mwaka 1994 The Notorious B.I.G. alitoa Juicy juu ya mdundo wa Juicy Fruit, jina la Mtume likaandikwa miongoni mwa watunzi, na wimbo wa mpinzani wa ukataji ukawa mmoja wa mifano mashuhuri ya ukataji duniani.

Jumamosi moja mtangazaji alipiga Juicy, na bila kusema neno akaunganisha Juicy Fruit. Meneja alimwita. Zilipendwa zina wakati wake, aliambiwa. Vijana wakisikia muziki wa wazazi wao watahama, na tangazo la soda limenunuliwa kwa ajili ya vijana. Kwa hiyo ukuta uliokuwa baina ya rafu ulikuwa umejengwa ofisini, na matofali yake yalikuwa bei za matangazo. Wapigaji muziki wenyewe walikuwa wanaingia na kutoka kila siku.

Mengine ya miaka ile yanaweza kutajwa haraka: Ron Carter, mpiga besi wa Miles wa miaka ya 1960, kwenye The Low End Theory ya A Tribe Called Quest mwaka 1991; Guru akiwaita Donald Byrd na Roy Ayers kwenye Jazzmatazz mwaka 1993. Mazuri, ingawa mara nyingi jazi ilikuwa mgeni aliyekaribishwa sebuleni, akapewa kiti, akapiga kidogo, akaaga.

Hali ilibadilika pale studio ilipokuwa moja. Electric Lady, iliyojengwa New York kwa ajili ya Jimi Hendrix, ndiko zilikotengenezwa kwa sehemu kubwa Voodoo ya D'Angelo, Mama's Gun ya Erykah Badu na Like Water for Chocolate ya Common, zote za mwaka 2000. Roy Hargrove, mpiga tarumbeta kutoka Texas, alikuwa mmoja wa waliozunguka humo, na mwaka 2003 akatoa Hard Groove na kundi la The RH Factor, D'Angelo, Badu, Common na Q-Tip wakiwa wageni wake. Sidii hiyo ilimfikia mtangazaji mikononi mwa baharia. Aliipiga Jumapili usiku, na vijana wa Jumamosi ndio waliopiga simu.

Nyuma ya sauti ile alikuwepo prodyuza J Dilla wa Detroit. Mashine yake, Akai MPC3000, ina uwezo wa kunyoosha mdundo ili kila pigo lidondoke mahali pake sawasawa. Dilla hakutaka unyoofu huo: aliacha ngoma ya mguu ijikwae, snea iwahi, matoazi yachelewe. Mtangazaji alimpelekea kaseti mpiga drams wa bendi ya dansi, mazoezini Magomeni. Mzee alisikiliza, akasema mkanda wa kaseti umelegea. Akaambiwa haujalegea. Akasikiliza tena, akakaa kwenye drams, na jioni nzima mkono wake wa kulia ukawa unamsaliti kwa kurudi kwenye mstari. Dilla alifariki Februari 2006, akiwa na umri wa miaka 32, siku tatu baada ya albamu yake Donuts kutoka. Mwaka uliofuata Robert Glasper, mpiga piano wa Houston, aliweka J Dillalude kwenye In My Element: watu watatu wakipiga kwa mikono kile ambacho mashine ilikuwa imefanya.

Glasper ndiye kipenzi cha mtangazaji, kwa sababu ya Double-Booked ya mwaka 2009. Albamu hiyo imejengwa juu ya tatizo la kila mpigaji wa kulipwa: kazi mbili usiku mmoja. Nusu ya kwanza ni bendi yake ya watu watatu, nusu ya pili ni Experiment, yenye umeme na hip hop. Mwaka 2012 nusu hizo zikawa kitu kimoja kwenye Black Radio, iliyopata Grammy ya albamu bora ya R&B. Mtangazaji aliipiga kwenye vipindi vyote vitatu wiki hiyohiyo, na safari hii meneja, ambaye alikuwa mpya, hakumwita. Mwaka 2015 Glasper, Kamasi Washington na Terrace Martin walisikika kwenye To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar, na ubishi wa rafu ukaisha wenyewe, kwa kuwa hata rafu zilikuwa zimeondolewa na muziki umehamia kwenye kompyuta.

James Mtume alifariki tarehe 9 Januari 2022, akiwa na miaka 76. Mtangazaji, aliyekuwa anakaribia kustaafu, aliomba saa moja. Alianza na Kawaida, akaingia Agharta, akapumzisha watu kwa Flack na Hathaway, kisha Juicy Fruit yote bila kuongea juu yake, na mwisho Juicy. Simu ya kwanza ilitoka kwa prodyuza kijana wa Sinza. Alitaka jina la kile kipande chenye tumba, yale mapigo ya katikati ya Agharta, maana alikuwa na mahali pa kuyaweka. Akapewa jina. Akauliza ruhusa inaombwa kwa nani. Akaambiwa Sony, wanaoshikilia hifadhi ya Columbia. Kijana alicheka, akashukuru, akakata simu.