Nani Alimtuma Mtoto?



Nilikawia kuyaandika haya kwa sababu ya aibu. Mimi ni muuguzi, na kanisani nimekuwa nikisaidia katika kikundi cha akina mama kwa miaka mingi. Mtu wa namna yangu hutarajiwa kuwafundisha wengine. Lakini katika jambo hili nilifundishwa mimi, tena mbele ya watu.

Ilikuwa mwaka 2016, usiku wa Jumamosi, nami nilikuwa zamu katika kituo cha afya huku upande wa Temeke. Yapata saa nne na nusu vijana wawili waliletwa kwa bajaji, mmoja amemshika mwenzake kwapani. Nilidhani ni malaria iliyompanda mtu kichwani, maana tumezoea kuona hivyo. Nilipomkaribia nikasikia harufu ya pombe kali. Nilipomgeuza uso, alikuwa mwanangu wa kwanza. Wakati huo alikuwa na miaka 14.

Nilifanya kwanza kazi ya uuguzi, machozi nikayaweka kando. Tulimlaza ubavu ili akitapika asipaliwe, tukampima sukari. Ilikuwa 2.4, na kwa kawaida mtoto mwenye afya haishuki chini ya 4. Tulimtundikia dripu ya glukosi, nikakaa naye hadi alfajiri.

Mama mwenzangu, naomba ulishike hili hata kama mengine utayasahau. Pombe huweza kushusha sukari ya mtoto upesi kuliko ya mtu mzima, na mtoto aliyelala hoi kwa ulevi anaweza asiamke tena. Usiseme, "Mwache alale, itamtoka." Usimlazimishe kutapika. Usimpe kahawa wala maziwa, na usimmwagie maji ya baridi. Mlaze ubavu, mtu akae karibu akiangalia anavyopumua, na awahishwe hospitali. Kama alichokunywa ni gongo, haraka zaidi, kwa maana pombe ya kienyeji iliyochanganywa na kemikali huweza kupofusha macho na hata kuua.

Asubuhi alipopata fahamu aliniambia yote. Yeye na wenzake walikunywa viroba nyuma ya uwanja wa mpira, yeye akamaliza vitatu. Kwa wale waliokwisha kusahau, kiroba kilikuwa kipakiti cha plastiki chenye pombe kali. Kiliuzwa dukani pamoja na pipi na kalamu, kwa bei isiyopishana sana na nauli ya daladala, na kiliingia vizuri katika mfuko wa sare ya shule.

Siku ya mkutano

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nikataka muuza duka akamatwe. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye subira. Akasema, "Sista, tuitishe kikao, tumwite na afande wa polisi jamii, tulizungumze wote."

Watu walikuja wengi. Alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, imamu wa msikiti wa jirani, mchungaji wetu, na vijana wa ulinzi shirikishi. Muuza duka alikaa nyuma. Watoto wote wa mtaani humwita Mangi. Nilisimama nikamshitaki kwa maneno makali. Nilitaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18 na kukataza kumuuzia pombe. Watu wakanishangilia.

Mangi alisimama polepole. Hakupandisha sauti. Alisema, "Sista, pole sana kwa kuuguliwa. Lakini mwanao namuuzia bia karibu kila jioni, anatumwa na baba yake. Hata wewe, sikukuu ya Krismasi, ulimtuma na kreti. Siku ile alikuja akasema baba anataka viroba. Mimi ningejuaje?"

Ukumbi ulinyamaza. Mimi sikuwa na jibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikaa chini nikajifunika na khanga yangu.

Njiani kurudi nyumbani nilimkumbuka kuhani Eli katika Samweli wa Kwanza. Yule mzee alihudumu hekaluni miaka yote, lakini habari za wanawe aliletewa na watu wa nje. Nilijiona mimi. Siku ngapi nilikuwa kanisani nikipanga viti vya semina ya malezi, na mwanangu yuko njiani na chupa ya baba yake mkononi?

Mazungumzo na baba watoto

Wengi mtapenda kujua nilimwambiaje mume wangu. Sikumwambia jioni ile, kwa sababu nilikuwa bado nachemka. Nilingoja siku mbili, watoto wamelala, nikamwekea chai. Sikumlaumu, maana hata mimi nilituma. Nilimweleza tu ile namba ya sukari na maana yake, na kwamba tungeweza kuwa tumezika.

Alisema, "Mama watoto, mimi nilikuwa namchotea babu yangu pombe kila siku, na nikakua." Nikamjibu kwamba pombe ya babu ilikuwa ya kibuyu, ikinywewa na wazee chini ya mti, na mtoto akionja kila mtu anaona. Hizi za siku hizi zinanywewa gizani, na zina nguvu mara nyingi zaidi. Alinyamaza. Kesho yake jioni nilimwona akivaa ndala zake na kwenda dukani mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba aliacha bia siku hiyo. Hakuacha. Lakini tangu hapo hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyetumwa pombe wala sigara.

Kosa la pili

Baada ya kikao tulijiona mashujaa. Tuliomba polisi wafanye msako, wakaja na gari, wakamchukua mama mmoja aliyekuwa akipika gongo uani kwake. Tulifurahi siku tatu. Siku ya nne nikawakuta watoto wake wawili mlangoni kwa jirani, hawajala tangu jana. Na gongo haikuisha. Ilihamia mtaa wa pili, na vijana wetu wakaifuata huko.

Afande wa polisi jamii alituambia ukweli ambao ulitusaidia. Alisema, "Mama zangu, askari ni wachache na kata hii ina watu wengi sana. Nikija na gari, wananiona kabla sijafika. Ninyi mko hapa mchana na usiku. Mkinitumia kukamata tu, nitakamata na kuondoka. Mkishirikiana nami, tutazuia."

Basi tulikaa upya, Wakristo na Waislamu pamoja, kwa maana chupa haiulizi mtoto anasali wapi. Tulikubaliana mambo matano.

La kwanza, mzazi hamtumi mtoto pombe, sigara wala ugoro. La pili, mwenye duka au grosari hamuuzii mtoto hata akisema ametumwa, anamwambia, "Mwambie baba aje mwenyewe." Wauzaji walitia sahihi katika ofisi ya serikali ya mtaa, na Mangi alikuwa wa kwanza. Aliniambia kuwa alikuwa anautafuta msaada huo, maana akikataa peke yake, wazazi humgombeza.

La tatu, kibali cha ngoma na vigodoro kisivuke saa nne usiku, kwa sababu huko ndiko wasichana wetu walikopewa pombe na wanaume wazima. La nne, akina mama wawili wawili tuzunguke jioni za mwisho wa juma pamoja na vijana wa ulinzi shirikishi. Hatukubeba fimbo. Tukimkuta mtoto nje tulimsalimia kwa jina lake na kumsindikiza kwao.

La tano lilikuwa gumu zaidi kukubaliana. Mtoto akikutwa amelewa, anayeitwa kwanza ni mzazi, kisha ofisa ustawi wa jamii. Asitupwe mahabusu pamoja na watu wazima. Lakini mtu mzima aliyempa, huyo apelekwe polisi, na kama mtoto ametendewa ubaya wowote, twende naye Dawati la Jinsia na Watoto. Akina mama wengi waliliogopa neno polisi. Afande alitupeleka watatu tukaliona dawati lenyewe. Askari wa kike alitukaribisha, akatuonyesha chumba anachokaa na mtoto wanapozungumza. Hofu ikapungua.

Na yule mama wa gongo alipotoka tulimfuata. Tulimwingiza katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, akaanza kupika vitumbua. Wako wengine wanne tuliowasaidia hivyo. Wawili walirudia kupika gongo. Nasema ili mama atakayejaribu kwake asikate tamaa akiona hivyo.

Sheria peke yake haitoshi

Mwezi Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kupigwa marufuku kwa viroba, na marufuku ikaanza tarehe 1 Machi mwaka ule. Nililia kwa furaha. Ule wepesi wa kununua ulevi kwa sarafu za mtoto ulipungua. Lakini kinywaji kikali kikaja katika vichupa vidogo, na bangi haikuondoka, wala unga haukuondoka. Serikali inaweza kufunga mlango mmoja. Madirisha ya nyumba ni ya kwetu kufunga.

Hata nchi za mbali zimejifunza hivyo. Huko Iceland, mwaka 1998 vijana 42 katika kila 100 wenye miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Ilipofika 2016 walikuwa 5 katika 100. Hawakufanya hivyo kwa kuhubiri tu. Waliwapa watoto michezo na muziki baada ya shule, waliweka saa ya mtoto kuwa nyumbani, na wazazi walitembea mitaani usiku wa mwisho wa juma. Nilipozisoma habari hizi nilicheka peke yangu. Kumbe na sisi wa Mbagala, kwa ndala zetu na tochi za simu, tulikuwa njia moja na watu wenye theluji!

Kijana wa pili

Nimesema waliletwa vijana wawili kwa bajaji. Wa pili, yule aliyemshika mwanangu, hakuwa amelewa sana. Mama yake ni jirani yangu. Nilipomweleza habari ile aliniambia, "Wa kwangu hakunywa, alimsindikiza tu." Nami nilikuwa na aibu yangu, sikutaka kuonekana namsingizia mtoto wa mtu. Nikanyamaza. Lile ndilo kosa langu la tatu, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwanangu sasa ni fundi umeme na anajitegemea. Yule rafiki yake alitoka kwenye pombe akaingia kwenye bangi, kisha unga. Aliuza simu ya mama yake, mitungi ya gesi, hata mabati. Siku moja mama yake alinijia saa kumi na moja alfajiri, akakaa mlangoni bila kusema neno. Nilimshika mkono tukaenda naye kliniki ya methadoni.

Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafika Mwananyamala na Temeke miaka iliyofuata. Dawa hutolewa bure, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, akawa hahitaji tena kutafuta kete. Si muujiza. Inataka subira ya miaka, na inataka mtu wa kumwamsha asubuhi. Mama yake ndiye anayemwamsha. Amenenepa kidogo, na mwaka jana alianza tena kuitika akisalimiwa.

Kama mwanao amefika huko, usimfiche uani na usimwite teja. Ni mgonjwa, mpeleke atibiwe. Na ukiona macho yamebadilika, marafiki wamebadilika, au hela zinapotea nyumbani, usingoje uhakika. Zungumza naye angali anakusikia. Ukimwona mtoto wa jirani, mwambie mama yake, hata akikasirika. Hasira yake itapita. Mimi natamani jirani yangu angenikasirikia mwaka 2016.

Leo jioni, mama mwenzangu, utaishiwa chumvi au kiberiti, nawe utamwita mtoto umtume dukani. Mtume, ni malezi mema. Lakini chupa ya baba, baba aifuate mwenyewe. Mwambie kwa upole, ukiisha kumwekea chai.