Kabla ya Kupiga Upya

Ushauri unaonikera kuliko wote kuhusu kompyuta ni ule wa maneno mawili: piga upya, yaani sakinisha mfumo wote tena. Linux imegoma kuingia? Piga upya. Imeingia lakini skrini ni nyeusi? Futa diski yote, piga upya. Nyumbani Afrika Mashariki ndilo jibu la kwanza la fundi na la jirani anayejua kidogo. Huku Ujerumani swali la kwanza ni jingine: imekuandikia nini? Kwenye zile Repair Café, mikusanyiko ya watu wa kujitolea iliyoanzia Amsterdam mwaka 2009, fundi hachukui mashine akapotea nayo nyuma ya pazia. Mwenye mashine anaketi pembeni yake, na wote wawili wanasoma ujumbe wa hitilafu mstari kwa mstari kabla ya kugusa chochote. Aliyezoea kasi ya mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, atasema wanapoteza muda. Mimi naona ndio wanaouokoa.

Maana hitilafu nyingi za Linux hazitokani na kupiga vibaya, kwa hiyo kurudia hakuzigusi. Laptopu nyingi za Intel huja na diski iliyopangwa katika hali ya RST (mpangilio wa Intel wa kusimamia diski), na hapo Linux inaweza kusema haioni diski yoyote. Ukiingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ukaibadilisha hali hiyo kuwa AHCI, ile ya kawaida, diski inaonekana (ila kama Windows bado inahitajika humo, iandaliwe kwanza, la sivyo itagoma kuwaka). Ukirudia bila kugusa BIOS, jibu ni lile lile hadi usiku. Skrini nyeusi kwenye mashine yenye kadi ya NVIDIA mara nyingi ni suala la draiva; neno nomodeset likiongezwa kwenye menyu ya GRUB, ile inayowasha Linux, hukufikisha mahali pa kuweka draiva sahihi. Na mashine inayokimbilia Windows kana kwamba Linux haipo? Pengine Linux imeingia salama kabisa, ila UEFI, programu ya mashine inayochagua mfumo wa kuwasha, bado inaitanguliza Windows. Anayefuta diski hapo anafuta kazi iliyokwisha kukamilika, na picha za harusi za mteja juu yake.

Nitajibiwa kwamba huku tuna intaneti ya kumwaga, na huko nyumbani watu wananunua bando. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kukagua kwanza. Faili la Ubuntu 24.04, mojawapo ya matoleo ya Linux, linakaribia GB 6. Likishuka na kasoro, unaweza kuligundua kwa kulinganisha alama yake ya SHA256 na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Ni dakika chache, na bando karibu halipungui. Kisha Ubuntu yenyewe inakubali kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, ukajaribu Wi-Fi, sauti na skrini diski ikiwa haijaguswa. Wengine watasema ujumbe wa hitilafu ni wa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaonyesha mwaka 2004, kwa programu za ofisi za Jambo OpenOffice, kwamba programu inaweza kuzungumza Kiswahili, na natamani kazi ile ingefika hadi kwenye hitilafu. Lakini hata Mjerumani wa kawaida hukutana na Kiingereza cha GRUB. Anakinakili herufi kwa herufi, anakitafuta.

Hoja nzito ni ya tumbo. Anayejitolea huku ana mshahara au pensheni mahali pengine; fundi wa barabara ya Luthuli, Nairobi, anaishi kwa kazi inayoonekana, na hakuna mteja anayemlipa kwa saa nzima ya kusoma BIOS. Hapo lawama ni yetu wateja, na sasa tutamhitaji fundi mwenye subira zaidi. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0, au yenye prosesa ya Intel ya kabla ya kizazi cha 8 (isipokuwa chache), hairuhusiwi rasmi kupanda hadi Windows 11. Ofisi za Ulaya zinaziondoa mashine hizo, na mitumba ya kompyuta tunajua nyingi huishia wapi: kwetu nyumbani. Nyingi zitafaa sana kwa Linux zikipata fundi mwenye subira. Basi mlipe fundi huyo kwa kugundua kwamba diski ilikuwa kwenye RST, hata kama mikono yake imebonyeza vitufe vitatu tu, na mwombe aandike nyuma ya risiti alichobadilisha, ili atakayeinunua mashine hiyo baada yako aanzie hapo.