Filamu ya dakika nne kuhusu mikeka ya Bibi

Mzazi mwenzangu, ukimkuta mwanao ameinamia simu usiku, usiwahi kumfokea. Binti yangu wa kidato cha tatu nilimkuta akitazama filamu fupi za mafundi: mfinyanzi, mchonga milango, fundi viatu. Dakika tatu au nne, imekwisha. Likizo ya Juni akasema naye anataka kutengeneza moja, kuhusu mama yangu, ambaye tangu atoke Pemba kuja kukaa nasi hapa Tanga hajaacha kusuka mikeka.

Nililichukulia kwa uzito. Macho ya Mama yanapungua nguvu, na katika mabinti zake wanne hakuna anayeweza kuufikisha mkeka mwisho. Mimi kusuka ukili naweza, ila kuuunga ukili na ukili mpaka uwe mkeka, hapo namwachia mwenyewe.

Mama alikubali kwa masharti mawili: asipigwe video bila mtandio, na isitumwe popote kabla hajaiona.

Ya kwanza haikumpendeza. Binti alimkalisha kitini, akamuuliza alizaliwa wapi, alianza lini, anajisikiaje, kisha akaweka muziki juu yake. Mama akatazama mpaka mwisho, akauliza: "Mjukuu wangu, mkeka uko wapi?"

Nikawatafutia filamu ya Uholanzi iitwayo Glas, ya Bert Haanstra, ya mwaka 1958. Ni ya dakika kama kumi tu, na ilipata tuzo ya Oscar. Inaonyesha mafundi wanaotengeneza vyombo vya kioo kwa kupuliza. Mashavu yanavimba, mikono inazungusha bomba, donge la moto linageuka chombo. Hakuna anayesimulia. Baadaye inahamia kwenye mashine za chupa. Chupa moja inavunjika, mashine haina habari, inaendelea kusukuma tu, chupa zinaanguka na kupasuka mpaka mkono wa mtu unapokuja kurekebisha. Mama, ambaye Kiingereza hajui wala Kidachi, hakuhitaji kutafsiriwa chochote. Pale kwenye mashine alicheka mpaka akafuta machozi.

Safari ya pili ilikula karibu likizo nzima. Binti alianzia kwenye ukindu: majani machanga yanavyoanikwa juani, yanavyochanwa kuwa chane, yanavyochemshwa na rangi kwenye sufuria kuukuu. Simu aliiegemeza kwenye ndoo, karibu kabisa na vidole. Hakuuliza maswali. Mama, mikono ikiwa kazini, akaanza kusema mwenyewe. Kwamba ada zetu za shule zilitoka kwenye mikeka, hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba mwaka mmoja alishona usiku kucha kwa mwanga wa koroboi, kwa sababu mnunuzi alikuwa anaondoka na boti asubuhi, na mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nina miaka arobaini na sita. Nililisikia hilo kwa mara ya kwanza likiwa linarekodiwa.

Video haifundishi mkono, hilo tusidanganyane. Binti ameirudia mara nyingi na ukili wake wa kwanza umepinda kama mkia wa mjusi. Bibi yake aliufumua wote, akampa chane zile zile aanze upya. Sasa ana ukili wa pima mbili, na kwa vile shule zimefunguliwa anasuka Jumamosi tu.

Filamu ilipokamilika, Mama akataka itumwe kwanza kwa dada yake aliyeko Wete. Jibu lilikuja jioni, kwa sauti. Salamu ndefu, kuulizia afya ya kila mtu nyumbani, kisha: "Mwambie mdogo wangu mkeka mzuri, mashaallah, ila pindo lile kalitoa wapi? Kwetu hatupindi vile."

Mama akaomba miwani yake, akasema arudishiwe sehemu ya pindo.