Bei ya Jicho la Kulia

Tangu nirudi kwenye cherehani, haipiti wiki bila mtu kuingia kibandani kwangu hapa Korogwe na swali lile lile: "Shangazi, ulilipa shilingi ngapi?" Wengine wana mama zao kijijini ambao sasa wanapapasa ukuta kutafuta mlango. Wengine ni wao wenyewe, wananiambia kwa sauti ya chini huku wakijidai wameleta suruali ya kupunguzwa. Simjibu mtu kwa tarakimu moja. Tarakimu moja ndiyo iliyotaka kunikatisha tamaa mimi, kwa hiyo namvutia mtu kiti nikamweleza jambo zima.

Ugonjwa ulinianza usiku. Taa za magari yanayotoka Segera zikawa zinachanua na kunijaa machoni hadi nasimama kando ya barabara yapite. Kisha ukaja mchana, ukaingia kwenye kazi. Kwanza nilimwita mjukuu wangu anitungie uzi kwenye sindano, na hilo halikunisumbua, mafundi wengi wa umri wangu wanatungiwa. Kilichonitia hofu ni rangi. Bluu ya sare za shule na nyeusi zikawa kitu kimoja kwangu. Nyeupe ikawa kama shuka lililofuliwa kwa maji ya matope. Nilikuwa na miaka 57, mjane, na kisukari nilichokuwa nacho tangu zamani.

Mtaalamu wa macho wa hospitali ya wilaya alinimulika, akaniuliza kuhusu sukari, akasema, "Mama, ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limezidi." Akanieleza kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho, nyuma ya mboni, imeingia ukungu. Kwa wengi unaletwa na umri. Wenye kisukari huwawahi, na unaweza pia kuletwa na jicho kuumia au kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Nikamuuliza dawa ya matone. Akasema haipo, wala miwani haiuondoi ukungu huo, wala majani. Dawa yake ni kuitoa ile lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia. Shirika la Afya Duniani linasema huu ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko mwingine wowote duniani, na inaniuma kwamba wengi wao wamekaa tu kwenye vigoda nyumbani, wakiamini uzee umefika.

Mwanangu wa kiume yuko Dar es Salaam, anaendesha bodaboda. Akaenda kuuliza hospitali moja ya binafsi, akanipigia akiwa amenyong'onyea: milioni moja na laki tisa kwa jicho moja. Usiku ule kaka yangu alikuja, akasema tuuze cherehani. Nilimheshimu kwa sababu aliyasema kwa upendo, lakini nilikataa. Jicho lenyewe nalitafuta ili nishone. Nikiuza cherehani, nitakuwa naona vizuri mikono yangu ikiwa mitupu.

Jirani mmoja akanielekeza kwa wale wa mikopo ya kausha damu. Unachukua leo, unarejesha kila wiki pamoja na riba, ukikosa wiki moja wanakuja kubeba godoro. Hiyo nayo nilikataa, na ninamwomba yeyote anayesoma hapa akatae pia. Baada ya upasuaji kuna majuma ambayo hutafanya kazi. Mkopo unaodai marejesho ya kila wiki hauendani na mtu aliyeambiwa apumzike.

Aliyenifungua macho kabla ya daktari ni mtoto wa dada yangu, muuguzi. Akaniambia, "Mamdogo, usiulize bei tu. Uliza bei hiyo imebeba nini." Jambo hilo nilipaswa kulijua kwa kazi yangu: ukimtajia mteja bei ya suruali bila kumwambia kama zipu na bitana vimo, mtagombana siku ya kuichukua. Nikaanza kupiga simu na kuuliza upya. Hospitali moja ya misheni, nusu siku kwa basi, wakasema 280,000 kwa jicho moja.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Sehemu kubwa ni njia ya upasuaji. Kuna njia ya mashine, inayovunjavunja lenzi kwa mitetemo na kuinyonya kupitia tundu dogo sana, kisha inawekwa lenzi laini inayokunjwa. Mashine ni ghali na vifaa vyake ni ghali. Na kuna njia ya mkono, daktari anapasua mkato mdogo pembeni, anaitoa lenzi nzima, anaweka nyingine, na mkato unajifunga wenyewe bila kushonwa. Mimi fundi wa miaka yote hii, hilo la kutoshona lilinishangaza kuliko yote. Nilikuwa na wasiwasi kwamba njia ya bei nafuu ni ya kuwapoza maskini. Yule mpwa wangu muuguzi akanisomea utafiti wa Nepal uliochapishwa mwaka 2007: wagonjwa waligawanywa kwa njia hizo mbili, na baada ya miezi sita karibu wote wa pande zote mbili walikuwa wanaona vizuri. Nikatulia.

Na lenzi yenyewe ina habari yake. Ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas', na daktari Harold Ridley. Alikuwa ameona marubani wa vita walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, na macho yao hayakuikataa plastiki ile. Kwa miaka mingi lenzi hizo zilikuwa za matajiri, zikiuzwa takribani dola 100 kila moja. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianza huko Madurai, India, chini ya watu wa hospitali ya macho ya Aravind, wakazitengeneza hadi zikapatikana kwa dola 10 hivi, na baadaye chini ya hapo. Nikiwaza kwamba watu wasionijua walikaa wakahangaika na bei ili fundi cherehani wa Korogwe aweze kulipa, nawaombea dua.

Sasa yale ambayo hayakuwamo kwenye 280,000. Kufungua faili na kumwona daktari. Kipimo cha urefu wa jicho, ambacho ndicho kinachoamua nguvu ya lenzi utakayowekewa, kwa hiyo hakirukwi. Damu na sukari. Dawa za matone za baada ya upasuaji, chupa mbili, unazotumia kwa wiki kadhaa. Miwani ya kusomea, maana lenzi ya kawaida inaona mbali na kwa karibu unahitaji msaada. Kisha nauli, na hapa watu wengi hujisahau: nauli ni ya watu wawili, kwa sababu hutarudi peke yako jicho likiwa limefungwa. Malazi na chakula cha msindikizaji. Nilipojumlisha yote, ilipita nusu milioni, na bado sijahesabu mapato niliyoyakosa.

Jumla hiyo ikapanda tena kwa sababu ya sukari. Nilifika mara ya kwanza, wakanipima, ikawa juu mno. Daktari akasema hanipasui, kidonda hakitapona vizuri na vijidudu vinaweza kuingia. Nikarudi nyumbani na nauli imekwenda. Kwenye simu hakuna aliyeniambia nipime kwanza hapa kwetu. Ndiyo maana mwenye kisukari au presha akija kibandani, la kwanza ninalomwambia ni hilo: tulia na daktari wako wa hapa mpaka namba zishuke, ndipo ukate tiketi.

Fedha zilitoka hivi. Sisi wanawake wa mtaa wetu tuna kikoba. Kila wiki tunanunua hisa, na kwa katiba yetu unakopa hadi mara tatu ya hisa zako, marejesho kwa mwezi. Pembeni kuna mfuko wa jamii, ule mchango mdogo wa kila kikao kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mkopo wa hisa ulilipa upasuaji na vipimo. Mfuko wa jamii ukanipa nauli bila riba. Mwanangu akatuma ya dawa na malazi, kidogo kidogo kwa simu, kila siku aliyopata abiria. Na nilichagua majira. Desemba na Januari ni msimu wa sare, ndipo fundi anapovuna. Nilishona msimu wote, mjukuu akinichagulia nyuzi na kuzipanga mezani kwa mstari, bluu kushoto na nyeusi kulia. Machi kazi ikipungua, nikaenda. Mkulima angehesabu kwa mavuno. Upasuaji wa mtoto wa jicho mara nyingi unaruhusu kupangiwa wakati.

Lakini kupanga si kuahirisha. Kuna maneno ya zamani kwamba lazima usubiri ukungu uive. Daktari alisema siku hizi hawangoji hivyo. Ukikaa mno lenzi inakuwa ngumu, upasuaji unakuwa mgumu zaidi, na kuna macho yanayopanda shinikizo hadi mshipa wa fahamu unaharibika. Hapo hata mwenye fedha hana cha kununua.

Kwenye benchi la kusubiri nilikaa na mzee mmoja aliyetoka kijijini kwake na barua ya mtendaji. Alikuwa ameshapita miaka 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na sera ya afya zinawapa wazee wa umri huo wasio na uwezo matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Yeye alianzia hospitali ya mkoa, akapita kwa ofisa ustawi wa jamii, akahojiwa, akapewa barua, na huku misheni nako ofisa wao akampunguzia. Alinieleza haya yote akiwa ameikumbatia ile bahasha kifuani, kona zake zimelainika. Mimi kwa miaka 57 sikustahili. Nilikwenda kwa ofisa huyo wa misheni hata hivyo, na sikutoka bure: ndiye aliyenijulisha kwamba ukaguzi wa baadaye ningeweza kuufanya kwa mtaalamu wa macho wa wilaya yangu badala ya kupanda basi tena.

Bima nayo iulizwe mapema. Wakati wangu CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii wa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ilikwenda na rufaa, kuanzia zahanati kupanda juu. Ukiruka ngazi, kadi ilikuwa haikusaidii. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nami niliisubiri kwa hamu ya mtu aliyewahi kulipa kila kitu kwa mkono. Pia zipo kambi za macho. Taasisi za dini, kama Bilal Muslim Mission, zimekuwa zikiendesha kambi na kuwapasua watu bila malipo. Sikiliza matangazo ya msikitini, kanisani na ofisi ya kata.

Upasuaji wenyewe nitausema kwa ufupi kwa sababu ulikuwa mfupi. Ganzi, ndiyo, unaihisi ikiingia. Baada ya hapo niliona mwanga na kivuli kinachotembea, nikasikia daktari akiomba vifaa kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilikuwa bado nasoma dua niliyoianza nikilazwa pale kitandani, nikasikia, "Mama, tumemaliza."

Asubuhi yake muuguzi alibandua bandeji. Nikamwona yeye, na nyuma yake pazia la dirisha. Pazia lilikuwa la bluu. Nilimuuliza kama ni bluu, akasema ni bluu, nikalia mpaka akaniambia, "Jamani mama, usilie, utalitia jicho maji." Namshukuru Mwenyezi Mungu, na mkono wa yule daktari, na kila mwanamke aliyeweka mia tano yake kwenye lile sanduku letu.

Kisha yakaja majuma ya kukaa. Nisiiname, nisinyanyue ndoo, nisikae kwenye moshi wa kuni, maji yasiingie jichoni. Swala nikaswali nimekaa kitini. Cherehani nikaifunika kwa kanga ili nisiishike. Rejesho la kwanza la kikoba lilinikuta sina mapato, lakini nilikuwa nimeliweka kando tangu Januari, fungu lake kwenye kopo lake. Anayepanga kukopa apange na rejesho la mwezi wa kwanza, kwa sababu mwezi huo utakuwa umekaa.

Mkopo uliisha. Jicho la kushoto bado, nimeanza kulinunulia hisa, nami nitakwenda msimu wa sare ukipita.

Mwezi uliopita kikao chetu kilibadilisha katiba. Mfuko wa jamii ulikuwa unatoa kwa aliyelazwa na aliyefiwa tu. Mtu wa macho anakwenda kwa miguu yake, anarudi kesho yake, kwa hiyo hakuwa akihesabiwa mgonjwa. Tumebishana sana, katibu akihofia sanduku litakauka, lakini kifungu kimepita: upasuaji wa macho umo, na nauli ya msindikizaji imo. Wa kwanza ni mama muuza maandazi wa pale stendi. Sukari yake imepimwa, iko sawa. Anakwenda Jumatatu, na binti yake atamsindikiza.