Maua ya Kiangazi na Rangi za Maji

Kwa muda wa miaka 34 nalikuwa mwalimu katika milima ya Usambara, na pamoja na hesabu nalipewa kufundisha kuchora. Kuchora kwangu kulikuwa ndugu ya hesabu. Ua la dalia lina petali nyingi. Basi mtoto na azihesabu, azipange kwa penseli iliyochongwa vema, kisha atie rangi ndani ya mstari asiuvuke. Aliyeuvuka alipunguziwa alama. Sikuwa na shaka hata kidogo juu ya desturi hiyo mpaka nilipokwisha kustaafu, na aliyenitia shaka ni bibi mmoja mzee, katika bustani yake, mbali sana na kwetu.

Binti yangu ameolewa kaskazini ya Ujerumani, karibu na mpaka wa Denmark, naye alinialika nikae kwake miezi ya Julai na Agosti. Huko wakati wa kiangazi mchana huwa na saa 17 hivi. Jua lachwa karibu na saa 4 usiku, hata mgeni hajui alale lini. Jirani yake alikuwa bibi aliyepita miaka 80. Bustani yake haikuzidi ukubwa wa vyumba viwili vya darasa, lakini ilijaa waridi, alizeti, yungiyungi, na dalia zile zile tunazozijua sisi watu wa Lushoto, ambazo asili yake si Ulaya wala si Afrika, bali ni Mexico. Tena palikuwa na ua jekundu ambalo wenyewe huliita Mohn, nalo ni jamaa ya mmea utoao afyuni. Kila asubuhi bibi huyo aliketi kibarazani na kisanduku cha rangi za maji, akachora mpaka chai ipoe.

Nalipoomba kujifunza, akanipa karatasi nzito ya pamba. Mara nikatoa penseli yangu mfukoni. Akaitwaa kwa upole, akaitia katika mfuko wa aproni yake, na tangu siku ile sikuiona tena mpaka siku ya kuagana. Kisha akaniuliza neno, binti yangu akalifasiri: “Baba, bibi anauliza, ua hili linafanya nini?”

Nikajibu ya kuwa ua halifanyi neno, limekaa tu. Bibi akacheka, akanishika mkono akanipeleka karibu. Basi nikatazama kama mtu asiyepata kuona ua maisha yake. Tumba la ua lile huinama chini kwanza, mithili ya mtoto aliyekaripiwa. Siku ya kuchanua hujiinua, likapasua ganda lake la vipande viwili, na petali hutoka zimejikunja kama kanga iliyokaa sandukuni mwaka mzima. Hata jioni hazijakwisha kujinyoosha, na pengine kesho yake zimekwisha kuanguka. Nikafahamu ya kuwa hapana nafasi ya kuhesabu. Mwenye kutaka kulipata ua hilo, sharti alipate lingali likijinyoosha.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana walimu wenzangu watataka kujua. Rangi hizi ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mti wa mgunga, na nyingi ya gundi hiyo hutoka Sudan. Kwa hiyo hata katika bustani ile Afrika ilikuwapo ndani ya kisanduku. Rangi nyeupe karibu haitumiki. Weupe ni karatasi yenyewe, na mahali ulipopafunika umepapoteza. Waweza kuianza karatasi ikiwa kavu, nayo itakupa ukingo mkali. Au waweza kuilowesha kwanza, na hapo tone moja la rangi nyekundu litaenea lenyewe kama habari sokoni. Siri yote i katika kujua saa ya maji. Karatasi ikimeta sana, rangi hutoroka. Ikimeta kidogo tu, kama jani lenye umande, ndiyo saa yake. Imekwisha kufifia? Acha, usiiguse! Ukitia maji juu ya rangi iliyo nusu kavu, maji yale husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye ukingo wa kukatikakatika kama koliflawa. Makoliflawa niliyopanda mimi mwezi ule yangalitosha kulisha shule nzima.

Nyekundu na kijani zikikutana majini huzaa rangi ya matope. Kwa hiyo bibi huacha kijia chembamba kikavu kati ya ua na jani. Tena rangi ikikauka hupauka, basi huna budi kuitia kwa nguvu kuliko moyo wako unavyokubali. Hapo ndipo nilipokwama. Mkono wangu ulizoea kuogopa. Kila rangi ilipoanza kukimbia nalichukua kitambaa, nikaikausha, nikairudisha mahali pake. Bibi alikuwa akinyosha kidole juu ya mahali pale na kusema neno moja, Angst, yaani hofu. Hakusema ya kuwa nimekosea. Alisema nimeogopa, kisha akanipa karatasi nyingine, nami najua bei yake, si ndogo.

Jumapili moja tukaenda Seebüll, mahali alipokaa mchoraji Emil Nolde, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufa mwaka 1956. Bustani aliyoipanga na mkewe Ada ingaliko, na njia zake zimekatwa kwa umbo la herufi A na E. Maua yake ya rangi za maji alikuwa akiyachora juu ya karatasi ya Kijapani iliyolowa kabisa, hata nyekundu ya ua ikazama katika karatasi kama damu katika bandeji. Nalisimama mbele ya picha moja mpaka binti yangu akaniuliza kama naumwa. Petali hazikuhesabika. Walakini ua lilikuwapo, zima, lenye joto lake.

Nikasoma habari zake. Mwaka 1937 serikali ya Hitler iliondoa kazi zake zaidi ya 1,000 katika majumba ya sanaa ya Ujerumani, ikazionyesha baadhi yake hadharani ili watu wazicheke, ikaziita sanaa iliyooza. Nalipofika hapo uso wangu ukapata moto, kwa sababu nitakayoieleza. Lakini wasomaji msimhurumie upesi. Mtu huyo mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama kile kile, akawachukia Wayahudi, na maonyesho yaliyofanywa Berlin mwaka 2019 yalifunua mambo hayo wazi. Nalimwuliza bibi awezaje kuyapenda maua ya mtu kama yule. Akanyamaza kitambo, akasema ya kuwa maua ayapenda, na yule mtu hamsamehe, na mambo hayo mawili yamekaa ndani yake bila kupatana. Mimi nami sijapata jibu lililo bora.

Sasa sababu ya uso wangu kupata moto. Mwaka 1988 mgeni mmoja aliipa shule tuliyofundisha visanduku vya rangi za maji. Nikaweka dalia nyekundu mezani, nikaamuru darasa la tano lichore. Mvulana mmoja hakushika penseli. Aliimwagia karatasi yake maji, akatia nyekundu katikati, akakaa akiitazama ikienea huku akitabasamu. Nikaitwaa karatasi ile ingali mbichi, nikaiinua mbele ya watoto wote, nikasema, “Tazameni uchafu.” Watoto wakacheka, kama ilivyo desturi yao mwalimu akiwapa ruhusa. Nikampa alama 2 katika 10. Toka siku ile hata amalizapo shule, kila kipindi cha kuchora alifuata mstari kwa rula, nami nikamsifu kwa kuendelea vema.

Naliporudi nyumbani mwezi wa Septemba nikamtafuta. Sasa ni mwashi, ana watoto wanne, na siku ile alikuwa akijenga ukuta wa mawe kando ya barabara. Akanisalimu, “Shikamoo, Mwalimu,” nikaitikia. Nikamweleza kisa cha dalia, nikamwomba radhi. Akacheka kwa adabu, akasema, “Mambo ya kale hayo, Mwalimu, mimi nimesahau.” Nikaona ya kuwa hakusahau.

Nalikuwa nimeleta picha yangu moja, ile niliyoiona bora: dalia nyekundu ya bustani ya bibi, iliyochorwa pasipo penseli. Nikampa, nikasema, “Leo wewe ndiwe mwalimu. Nipe alama.”

Alipangusa mikono yake yenye saruji katika suruali, mbele na nyuma, akaishika karatasi kwa ncha za vidole. Akaitazama muda mrefu, hata kibarua wake akaja kuuliza habari za maji, naye hakumjibu. Kisha akaweka kidole karibu na ukingo wa kulia wa ua, asiiguse karatasi.

“Hapa, Mwalimu,” akasema, “uliogopa.”

Ndipo mahali pale pale nilipokausha kwa kitambaa. Alama hakunipa. Akaniuliza karatasi ya namna ile huuzwa wapi.